Ngano Imekufa, Mchicha Umebaki

Jumatatu, saa moja kasoro asubuhi, Joha alipiga yowe bondeni Zombo, na halikuwa yowe la mtu aliyeona nyoka. Shamimu alikuwa uani kwake anasukutua mdomo. Miaka yote aliyokaa polisi alisikia mayowe ya kila namna, ya wizi, ya ajali, ya mke aliyefumania, na hili alilitia moja kwa moja kwenye kundi la msiba. Akajitupia khanga ya pili, akashika njia ya bondeni bila kunywa chai. Wanaomjua Shamimu wanajua kuwa hilo si jambo dogo.

Bondeni hakukuta maiti, alikuta ngano. Nusu ya shamba la majaribio la kikundi cha wakulima cha kina Joha ilikuwa imekuwa rangi ya udongo, imelala, na Joha amekaa kwenye tuta katikati yake ameshika kichwa. Nusu nyingine ilikuwa kijani kama jana.

Na nusu iliyokufa ndiyo ile waliyokuwa wakiringia. Upande wa juu ulinyweshwa maji ya mfereji kama yalivyo, na chumvi yake. Upande wa chini ulilelewa kama mtoto wa kwanza: maji yake yalipita kwanza kwenye paipu yenye kasha la sumaku, alilolifunga mtafiti mmoja kutoka Morogoro ili kulainisha ile chumvi, na kila Jumapili jioni majani yake yalipuliziwa supu. Supu ndilo jina walilolipa mchanganyiko wa Joha wa mkojo wa ng'ombe, mwarobaini na majivu, uliochachushwa kwenye pipa mpaka ukanuka hadi barabarani. Ilinuka, lakini ilifanya kazi. Ngano ya chini ilikuwa imeipita ya juu kwa kiganja kizima, na watu walitoka mbali kama Msowero kuja kupiga picha.

Bonde likajaa watu. Wa kwanza akasema ni sumaku, chuma hakiwezi kulisha mmea. Wa pili akasema ni mkojo. Wa tatu akamtaja Simoni, na baada ya hapo hakuna aliyetaja kitu kingine.

Simoni alikuwa mfugaji wa Kiparakuyo mwenye boma juu ya mlima, nje kidogo ya kijiji. Mkojo wote wa supu ulitoka kwenye zizi lake. Jumapili, yaani jana yake tu, alikuwa ameleta madumu mapya, Joha akapulizia, na asubuhi ngano imekufa. Tena mwezi uliopita ng'ombe wake walishuka kwenye mahindi ya watu, akatozwa mtamba, akamtoa bila kusema neno. Kimya hicho sasa watu walikihesabu kuwa ni kinyongo. Aidha, Simoni ana bomba la mgongoni analopulizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Yote hayo yalisemwa kwa pumzi moja.

Aliyelia waziwazi ni mzee Kasiani, mwenye shamba. Mwaka jana, kikundi kilipokuwa kinahangaika kutafuta ardhi, Kasiani alisimama mkutanoni akawapa hili, akaongeza kwa kicheko kwamba ngano ikizaa Zombo, shamba ni lao kwa miaka kumi, yeye hatalidai. Watu walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Sasa alikuwa anafuta macho kwa kofia yake, na vijana wawili wamemshika mikono.

Mtendaji wa kijiji, Cosmas, akatangaza mkutano wa Alhamisi saa nane mchana. Ajenda ilikuwa moja, kama boma la Simoni libaki au lihame. Kisha akamvuta Shamimu pembeni, akamwomba aangalieangalie hadi siku hiyo, maana taarifa imepelekwa polisi Kilosa lakini ngano haitapewa kipaumbele kuliko watu. Shamimu akakubali. Alikuwa sajini mstaafu, alitumikia miaka mingi Mikumi barabara kuu, kazi yake kubwa ikiwa kusikiliza madereva wakidanganya.

Watu walipoondoka, yeye alibaki akazunguka shamba polepole. Mpaka kati ya ngano hai na ngano mfu ulinyooka kama uliopigwa kamba. Ndani ya ngano mfu, mchicha pori ulikuwa umesimama kifua mbele, mbichi kabisa, na kunde zilizotambaa kutoka shamba la jirani hazikuwa na hata doa. Lakini nyasi za kwenye tuta, upande huo huo, zilikuwa zimekauka. Akang'oa shina la ngano. Jani la katikati likachomoka lenyewe, na chini yake palikuwa pameoza, pamelainika kama ndizi iliyosahauliwa. Hakuelewa maana yake. Akafunga mashina machache kwenye kitambaa.

Mtu wa kwanza aliyemshuku alikuwa Joha mwenyewe, na aliona vibaya kumshuku, kwa sababu walikopeshana chumvi tangu wakiwa wari. Lakini kazi ni kazi. Akamuuliza kama supu ya Jumapili ilikuwa na kitu tofauti.

Joha alisema pipa ni lile lile, yeye huongeza tu mkojo mpya kadiri linavyopungua. Tena kila Jumapili akimaliza bondeni hupulizia supu inayobaki kwenye mahindi yake ya nyumbani. Shamimu akaenda kuyaona. Yalikuwa yanameremeta.

"Na ngano haikuonyesha dalili yoyote kabla ya jana?" akauliza.

Joha akasita. "Tangu Alhamisi ilianza kufifia katikati. Nikadhani ni baridi. Ndiyo maana jana nilipulizia nyingi, nikajua itaamka."

Mchana akapanda kwa Simoni. Alimkuta amesimama mlangoni mwa zizi, fimbo begani, na habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Simoni. Hilo bomba lako la kupe, umewahi kuliazima mtu?"

"Nani aazime? Linanuka dawa, na wenye mashamba wana yao." Akaishusha fimbo begani. "Mama, hapa nimezaliwa. Baba yangu amezikwa pale nyuma ya zizi. Wakisema nihame, nihame naye vipi?"

Shamimu alisema tu kwamba mkutano ni Alhamisi, jambo ambalo Simoni alilijua tayari.

Jumanne aliwapitia wengine. Abeli, mwenye bustani chini ya mfereji, alikuwa amelalamika msimu mzima kwamba sumaku inamnyang'anya maji. Alimjibu kwa ukali, akaapa mara tatu kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu alikuwa kitandani, na mkewe akaitikia kila kiapo. Mtu anayeapa sana humtia shaka askari, na Shamimu alitoka pale akiwa amemwekea alama. Kisha akaenda kwa Kasiani, akamkuta barazani anakoboa mahindi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Afande. Karibu kigoda."

"Nawauliza wote, usinielewe vibaya. Usiku wa kuamkia jana ulikuwa wapi?"

"Mimi? Mimi wiki nzima sikuwepo, dada yangu. Alhamisi ya wiki ya juzi niliondoka mbele ya macho yenu nikaenda Kimamba kumzika shemeji, mume wa Paulina. Ngano nimeiacha kijani. Nimerudi Jumapili jioni hoi, nimelala, asubuhi nasikia yowe."

Ilikuwa kweli. Shamimu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza hadi kwenye pikipiki na kumpa kilo za mchele za rambirambi. Akampa pole tena. Kasiani akamfungia papai la kwenda nalo nyumbani.

Jumatano asubuhi alipanda pikipiki hadi Mikumi, kwa Goodhope, mwenye duka la pembejeo. Huyu ndiye aliyekuwa akimwinda hasa. Tangu supu ianze, wakulima wa Zombo walikuwa wameacha kununua virutubisho vyake vya majani, na yeye hakuficha. Alikuwa akimwita Joha mpishi wa mikojo mbele ya wateja. Mtu wa namna hiyo, mwenye sumu za kila aina kwenye rafu, ana sababu na ana zana.

Goodhope alimwamkia kwa heshima, akafungua kile kitambaa, akachomoa jani la katikati la shina moja na kunusa kitako chake. Uso wake ukabadilika, akasahau hata kukejeli.

"Hii imeoza moyo, mama. Hii ni dawa ya ufuta."

"Ufuta umeingiaje kwenye ngano?"

"Wenye ufuta wanapulizia dawa inayoua nyasi tu. Ufuta haiugusi, mchicha haiugusi, kunde haizigusi. Inachagua nyasi peke yake. Na ngano ni jamii ya nyasi, kama mahindi na mpunga."

Shamimu akakumbuka mchicha uliosimama kifua mbele na nyasi zilizokauka kwenye tuta. "Kwa hiyo imepigwa Jumapili usiku."

Goodhope akacheka. "Jumapili? Hiyo haiui kwa haraka, inaua taratibu. Ukipulizia leo, siku za mwanzo huoni kitu. Wiki ikikatika majani yanafifia, siku ya nane, ya kumi, ndipo moyo unachomoka. Atakayekuambia imepigwa Jumapili usiku anakudanganya au hajui."

Kuhusu nani aliinunua, alisema nusu ya Zombo inalima ufuta na wote walinunua mwezi wa tatu, kila mmoja ana salio darini. Na yeye mwenyewe, alisema, hafungi duka siku yoyote kabla ya jua kuzama. Majirani wa pande zote mbili walithibitisha kuwa hajatoka Mikumi wiki mbili, mmoja wao kwa uchungu, kwani siku zote hizo walikuwa wakigombania kivuli cha kupangia bidhaa.

Njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, Shamimu alijiona mjinga. Siku mbili nzima amekuwa akiuliza watu walilala wapi usiku ambao haukuwa na maana yoyote. Simoni hakuwa na ufuta, na mkojo wake haukuua kitu. Kama sumu ingekuwa ndani ya pipa Jumapili ya nyuma, mahindi ya Joha yangekufa pamoja na ngano, kwa kuwa nayo ni nyasi. Kwa hiyo mtu alibeba bomba akaenda mwenyewe shambani, na akachagua upande wa supu ili supu ndiyo ilaumiwe.

Lakini lini? Ule mpaka ulionyooka kama kamba haukupigwa gizani. Ulipigwa mchana, na mtu asiye na haraka. Na mchana bonde la Zombo halikosi watu, kuna wanaomwagilia, wanaofukuza ndege, wanaochuma mboga. Siku moja tu ndiyo bonde huwa tupu. Ijumaa, tangu enzi za mababu, hakuna anayeshika jembe Zombo kabla watu hawajatoka msikitini, awe Mwislamu awe Mkristo. Ijumaa ile ya wiki ya juzi, siku kumi kabla ya yowe la Joha, Abeli, aliyesilimu alipooa, alikuwa msikitini, tena ndiye aliyeadhini, kijiji kizima kilimsikia. Shamimu akamfutia alama yake.

Pikipiki ilikuwa inapanda kilima cha kijiji cha Ulaya ndipo lile jambo lilipomjia, na likamkera mno. Alikuwa amewauliza watu wote kuhusu Jumapili moja na usiku wake. Joha akajibu supu ya Jumapili. Abeli akajibu usiku, na viapo juu. Mtu mmoja tu aliulizwa usiku akajibu wiki nzima, akaanzia Alhamisi ya msiba, kabla mtu yeyote Zombo hajajua kuwa siku hizo zina umuhimu.

Hakutaka iwe hivyo. Usiku ule alilikata lile papai, akaonja kipande, akampa kuku lililobaki.

Alhamisi alfajiri alikwenda Kimamba. Alimkuta Paulina, dada yake Kasiani, amekaa mkekani na nguo zake za msiba, na baada ya pole na salamu akamwuliza kwa upole kama kaka yake aliwahi mazishi.

Paulina alibetua mdomo. Mazishi yalikuwa Ijumaa saa saba mchana, alisema, na kaka yake wa tumbo moja, aliyepaswa kushika jeneza mbele, hakuonekana. Walimsubiri mpaka padri akachoka. "Amekuja watu wameshanawa mikono, jua linazama, eti pikipiki imeharibika. Amekaa hapa wiki nzima ananitumikia kama mtoto, lakini mimi sijasema naye. Hata atakapokufa yeye, sijui kama nitawahi."

Mahali pengine mtu akikosa mazishi husahauliwa. Kwa watu wa Kimamba na Zombo, atakumbukwa kwa saa yake na shati alilovaa.

Pikipiki ya kurudi ilichelewa Kilosa kwa sababu ya daraja bovu, na Shamimu aliposhuka mbele ya ofisi ya kijiji mkutano ulikuwa umefika mwisho. Cosmas alikuwa amesimama. Alikuwa ameuliza nani wanataka boma la Simoni lihame, na mikono ilikuwa juu, mingi, kila upande. Mkono wa Joha ulikuwa juu. Wa Kasiani ulikuwa juu pia, umeshika kofia. Simoni alisimama peke yake ukingoni, akiwatazama mmoja mmoja.

"Shusheni mikono," Shamimu alisema, na sauti ya barabara kuu ikamrudia. "Kaka Kasiani, nina swali moja. Shemeji yako alizikwa saa ngapi?"

Kasiani akatabasamu kwa huzuni. "Ijumaa mchana, Afande. Unajua hilo."

"Na wewe ulishika jeneza upande gani?"

Kasiani akaigeuzageuza kofia. Watu wakageuka kumtazama.

"Nimetoka kwa Paulina sasa hivi," Shamimu akaendelea. "Anasema ulifika jua linazama. Uliondoka hapa Alhamisi tukikuona. Kati ya Alhamisi mchana na Ijumaa jioni ulikuwa wapi, kaka?"

"Pikipiki iliharibika."

"Siku nzima na usiku wake?"

Akawaeleza watu wote, taratibu, bila kupandisha sauti. Aliwaeleza dawa ya ufuta inavyochagua nyasi, inavyochelewa kuua, mpaka uliopigwa mchana, na bonde linavyokuwa tupu Ijumaa. Akawaeleza swali alilomwuliza Kasiani na jibu alilopewa.

Kasiani aliketi chini kwenye vumbi, yeye ambaye siku zote hutafutiwa kiti. Alisema Alhamisi alishuka pikipiki njiani, akalala kwenye kibanda chake cha ufuta, nyuma ya kilima. Ijumaa aliposikia adhana alishuka na bomba.

"Kwa nini?" Joha aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Binti yangu Aneth anarudi," alisema Kasiani. "Ndoa imemshinda huko Morogoro, anarudi na watoto watatu, na mimi sina shamba jingine la maji la kumpa. Nilisema maneno yale mbele yenu nikiwa nacheka. Nani alijua ngano itaota Zombo? Kila Jumapili nilikuwa naitazama inapanda, naona miaka kumi yangu inaondoka. Ikifa ile ya supu, nilijua mtakata tamaa, mtaondoka wenyewe."

"Ungetuambia," Joha alisema. "Ungesema Aneth anarudi, tungekurudishia siku hiyo hiyo. Kwani sisi ni watu gani?"

"Ningesema vipi? Watu wote hawa walinipigia makofi." Akafunika uso kwa kofia, na safari hii alilia kweli. Shamimu alimwonea huruma, na alikasirika kwa kumwonea huruma.

Ndipo Simoni aliposogea. Watu wakampisha njia. Akasimama mbele ya mzee aliyeketi vumbini.

"Shikamoo, mzee."

Kasiani hakuweza kuitikia.

"Ningehama na wanangu, ungekaa kimya?"

Kasiani aliondoa kofia usoni. "Ningekaa kimya," alisema.

Simoni akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari aliyoitarajia. Kisha akawageukia wengine. "Huyu aliogopa aibu, nimemwelewa. Ninyi wengine nimewauzia maziwa miaka yote, nimewazikia watu wenu. Hakuna hata mmoja aliyepanda kuniuliza, isipokuwa huyu mama, naye ametumwa."

Cosmas alianza kusema kuhusu kufuta ajenda na kumpeleka Kasiani Kilosa, lakini Simoni alikuwa ameshashika njia ya mlimani, na mkutano ukaisha bila kufungwa.

Wanakikundi walipanda ngano upya kwenye ile nusu, wakijua msimu umewaacha na haitazaa kitu. Joha alisema ni afadhali ardhi isikae tupu. Pipa la supu lilikuwa limekauka hadi chini, na madumu ya Simoni hayakushuka tena. Jumapili ya pili Joha alijitwika ndoo tupu, akamwomba Shamimu amsindikize, wakapanda mlima. Muda wote wa kuchukua mkojo wa zizi lile, Joha hakuwahi kufika huko.

Mke wa Simoni aliwaona tangu mbali, akaingia ndani. Wakasimama nje ya uzio wa miiba, Joha na ndoo yake kichwani, wakapiga hodi. Jua likapanda. Ng'ombe wakatolewa wakapita mbele yao, na hakuna aliyewasemesha. Shamimu akanong'ona kuwa labda warudi siku nyingine, lakini Joha akakataa, akatua ndoo chini na kupiga hodi tena.